Shanga za sumaku maabarani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umetokana na maswali ya wanafunzi wanaokuja kwetu kufanya mradi wa mwaka wa mwisho, ya wateknolojia wa maabara za hospitali hapa Dar, na ya jamaa mmoja mwenye duka la vitendanishi aliyetaka kujua hasa anauza nini. Nimeyajibu kama ninavyojibu nikiwa nimesimama mezani na glavu mkononi. Palipo na jibu refu, jua hapo ndipo watu wanapoharibu.

Hizi shanga ni kitu gani hasa?

Ni vitufe vidogo vya plastiki vyenye sumaku ndani. Ushanga mmoja huwa na kipenyo cha mikromita 1 hadi 5, wakati chembe nyekundu ya damu yako ina 7 au 8. Kwa macho huuoni. Unachokiona kichupani ni maji ya kahawia yaliyokolea, mfano wa kahawa chungu ya kijiweni. Sasa sogeza sumaku ubavuni mwa kichupa, kisha hesabu taratibu hadi sitini. Rangi yote imehamia ukutani, imekuwa doa moja, na maji yamebaki meupe. Ulichokuwa umekibandika kwenye ushanga, iwe kingamwili, DNA au bakteria mzima, kimekwenda nao ukutani. Uchafu unamwagwa na maji.

Vitabuni utakutana na neno maikrosfia za polima. Mezani tunasema shanga.

Zinatumika wapi?

Kama uliwahi kupimwa UVIKO-19 kwa PCR, yaani kipimo kinachonakili vinasaba mara nyingi hadi vionekane, huenda sampuli yako ilipita kwenye shanga. Maabara nyingi zilizitumia kutoa RNA ya kirusi kwenye makamasi. Mashine kubwa za hospitali zinazopima homoni za tezi au virusi vya homa ya ini, nyingi zina shanga ndani yake, ingawa anayezitumia haoni zaidi ya kopo la plastiki lenye lebo. Zimewahi kutumika kuhesabu seli za CD4 kwa hadubini pale ambapo mashine ya bei mbaya haikuwepo. Wapimaji wa chakula huvua nazo Salmonella na E. coli O157. Na miaka ya 1980 zilitumika kuondoa seli za saratani ya niuroblastoma kwenye uboho wa watoto, kabla uboho huo haujarudishwa mwilini.

Kuna jambo la pembeni linalonifurahisha kila ninapolisimulia. Kimelea cha malaria kikila himoglobini huacha taka yenye chuma iitwayo hemozoini, na chembe ya damu yenye taka hiyo ya kutosha hunaswa na sumaku kali bila ushanga wowote. Mbu ametuletea sumaku ya bure.

Kwa nini nisitumie unga wa sumaku mtupu? Plastiki ya nini?

Unga mtupu hugandamana, hupata kutu zaidi, na huachia ayoni za chuma ambazo huzuia PCR isifanye kazi. Plastiki inakupa mwili wa mviringo wenye uso mmoja unaoujua, ambao unaweza kuuning'inizia kitu. Sumaku kazi yake ni kubeba tu.

Neno "superparamagnetiki" lina maana gani kwa lugha ya kawaida?

Chukua sindano ya cherehani, isugue kwenye sumaku, kisha iweke mbali nayo. Bado itanyanyua pini. Chuma kimekumbuka. Shanga zikikumbuka namna hiyo, ukiondoa sumaku zitabaki zimeng'ang'aniana kama ubuyu uliopata maji, na hakuna pipeti itakayozitenganisha.

Magnetaiti, ile oksidi nyeusi ya chuma tunayoitumia kama sumaku, ikiwa katika chembe za nanomita 10 hivi, joto la kawaida la chumba linatosha kuyumbayumbisha mwelekeo wa usumaku wake. Sumaku ikiwepo, chembe zote zinatii. Ikiondoka, zinasahau palepale. Hiyo ndiyo superparamagnetiki. Lakini chembe moja ya nanomita 10 ni dhaifu mno, maji yenyewe yanaisukuma huku na huko na sumaku ya mkononi haiwezi kuivuta ikaja. Ndiyo maana tunazifungia kwa mamia ya maelfu ndani ya ushanga mmoja. Kila moja inasahau, ila zikiwa pamoja zina nguvu ya kuvutwa.

Zinatengenezwaje?

Kwanza unatengeneza sumaku, kisha unaivika plastiki.

Kwa sumaku tunapima gramu 5.4 za kloridi ya chuma(III) yenye molekuli sita za maji, na gramu 2.0 za kloridi ya chuma(II) yenye molekuli nne za maji. Hiyo ni mbili kwa moja kwa idadi ya atomi za chuma. Mwanafunzi akipima mbili kwa moja kwa uzito, ameshapotea. Tunayeyusha kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupitishiwa naitrojeni ili kufukuza oksijeni, tunapasha hadi nyuzi 80, tunakoroga kwa nguvu, kisha tunamimina mililita 20 za amonia ya asilimia 25 kwa mkupuo mmoja. Kazi hiyo ni ndani ya kabati la moshi, feni yake ikivuta kwelikweli. Rangi inaruka kutoka chungwa hadi nyeusi tii kabla hujafunga kizibo cha amonia. Ukifanikiwa kikamilifu utapata kama gramu 2.3 za magnetaiti.

Ikitoka kahawia badala ya nyeusi, usimlaumu mkorogaji. Kaangalie chupa ya kloridi ya chuma(II). Ikiwa nzima ni ya kijani hafifu. Iliyofunguliwa tangu masika mawili yaliyopita huwa imegeuka njano na kahawia, na hiyo si chuma(II) tena.

Sumaku ikiwa bado moto tunaongeza gramu moja hivi ya asidi oleiki. Asidi hiyo hushika chembe kwa kichwa na kuacha mkia wa mafuta nje, hivyo sumaku iliyokuwa inapenda maji sasa inapenda mafuta na itakubali kuingia kwenye plastiki. Ukiruka hatua hii, sumaku itabaki kwenye maji na shanga zako zitatoka nyeupe, nzuri kwa macho na hazina kazi.

Kwa plastiki, njia tunayoianzia ni ya kukausha kiyeyushi. Gramu moja ya polistirini na gramu 0.3 za sumaku iliyopakwa oleiki zinayeyushwa na kutawanywa kwenye mililita 10 za daikloromethani. Mchanganyiko huo mweusi unamiminwa kwenye mililita 100 za maji yenye asilimia 1 ya alkoholi ya polivinili, ambayo hapa ndiyo sabuni yetu, huku kikorogeo kikienda kasi. Unapata matone meusi yanayoelea kwenye maji. Kiyeyushi kinatoroka polepole kwa saa tatu au nne, kila tone linanywea na kukauka, na hapo una ushanga. Kwa mazoezi, hata ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja kwenye boksi la televisheni inafaa, kwa sababu ni polistirini hiyohiyo iliyojazwa hewa. Kwa kazi ya kweli nunua inayojulikana uzito wake wa molekuli.

Njia nyingine ni ya kitosani, itokanayo na maganda ya kamba wa baharini, nitaigusa mwishoni. Ya viwandani, ambapo shanga zenye vitundu hunyonya chumvi za chuma na sumaku ikajitengeneza humohumo ndani, sisi hatuifanyi.

Naweza kukoroga kwa kikorogeo cha sumaku?

Hapana. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, na hakuna aliyenionya. Baada ya saa mbili nilichomoa kile kijiti kimeota miiba myeusi pande zote kama nungunungu, na chupani yamebaki maji meupe. Gramu zote mbili zilikuwa juu ya kijiti. Tumia kikorogeo cha mota chenye panga linaloshuka kutoka juu. Hata mota ya kuchonga iliyofungwa kwenye stendi inatosha, mradi spidi yake haiyumbi.

Shanga zangu zimetoka kubwa na ndogo zimechanganyika. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, maana kutengeneza shanga ni kazi ya wiki moja, ila kutengeneza shanga zilizo sawa kumewatoa watu jasho kwa miaka.

Fikiria matone yanayokatwa na panga la kikorogeo. Karibu na panga yanakatwa madogo, kando ya chupa yanabaki makubwa. Kwa kukoroga peke yake utapata mchanganyiko wa mikromita 1 hadi 20 na zaidi. Na tofauti hiyo ina gharama. Ushanga wenye kipenyo mara mbili una ujazo mara nane, kwa hiyo umebeba sumaku mara nane, unafika ukutani mapema, na mdogo unaachwa nyuma na kumwagwa na maji. Kipimo cha leo hakitafanana na cha kesho.

Zamani wataalamu wengi waliamini kuwa shanga kubwa zilizo sawa haziwezi kutengenezwa duniani, kwa sababu uzito huzifanya zielee au kuzama kabla hazijakomaa. NASA ikapeleka mtambo angani kwenye safari ya tatu ya chombo cha Columbia, Machi 1982, na mwaka 1985 shanga za mikromita 10 zilizotengenezwa huko zikauzwa Marekani kama kipimio rasmi. Lakini mkemia wa Norway, John Ugelstad, alikuwa ameshalitatua hapahapa ardhini, mjini Trondheim, mwishoni mwa miaka ya 1970. Alianza na mbegu ndogo za plastiki ambazo tayari ziko sawa, akazilainisha kwa kitu chenye molekuli ndogo kisichopenda maji, ndipo akazinywesha malighafi ya plastiki hadi zikavimba mara mamia. Mbegu zikiwa sawa na zikinywa sawa, zinakua sawa. Kama maharage ya daraja moja yaliyolowekwa usiku mmoja. Baadaye yeye na wenzake wakazitia sumaku.

Wewe ambaye huna mbegu za Ugelstad, chuja. Pitisha kwenye nailoni yenye matundu ya mikromita 10 kuondoa makubwa, kisha weka sumaku kwa sekunde 30 tu na umwage kilichobaki majini. Rudia mara tano. Utapoteza nusu ya mali, ndiyo, lakini nusu iliyobaki itakuwa na adabu.

Nimefuata maelekezo ya karatasi ya kisayansi neno kwa neno, shanga zimetoka na makunyanzi. Kwa nini?

Kwa sababu karatasi iliandikwa na mtu ambaye "joto la chumba" kwake ni nyuzi 20. Daikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Kwenye chumba cha Dar mwezi Februari, kiyoyozi kimezimika, uko kwenye 32 na kiyeyushi kinakimbia. Ngozi ya ushanga inakauka kabla ya ndani, halafu ndani kunanywea na ngozi inakunjamana kama embe lililosahauliwa juani. Weka chupa kwenye beseni la maji yenye barafu kidogo, ishikilie nyuzi 20 kwa saa mbili za kwanza, kisha iache ipande yenyewe. Barafu ya mia tano imetuokoa kuliko kifaa chochote tulichoagiza nje.

Kingamwili zinabandikwaje juu ya ushanga?

Kwenye polistirini tupu, protini hujishikiza zenyewe, kama zinavyofanya kwenye sahani za ELISA, kipimo cha kingamwili kinachofanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo. Lowesha usiku mmoja, osha, basi. Ila hushikilia kwa unyonge na nyingine hutoka wakati wa kuosha.

Ukitaka kifungo cha kudumu, tumia shanga zenye vikundi vya kaboksili juu yake na kemikali iitwayo EDC, ambayo huunganisha kaboksili na amino za protini. Anza kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH isiyumbe) ya pH 5 au 6, mwishoni funika sehemu zilizobaki wazi kwa albumini ya ng'ombe. Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni bafa ya Tris au glaisini. Hizo zenyewe zina amino, kwa hiyo zinaila EDC yote na kingamwili yako inabaki ikielea. Ya pili ni unyevu wetu wa pwani. EDC huharibiwa na maji, na chupa iliyotoka kwenye friza ikifunguliwa papo hapo, hewa ya Dar inatiririka maji ndani yake. Iache mezani nusu saa ipate joto ikiwa imefungwa. Siku ya kwanza igawe kwenye vityubu vidogo, kila kimoja cha kutumia mara moja, uvihifadhi pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Niweke shanga kiasi gani?

Hesabu kwa eneo la uso, si kwa gramu. Gramu moja ya shanga za mikromita 2.8 ina shanga zaidi ya bilioni 60, na nyuso zake zikitandazwa zinafika kama mita ya mraba moja na nusu, yaani karibu miswala miwili. Ukipunguza kipenyo nusu, uso kwa gramu ileile unakuwa mara mbili, lakini utasubiri sumaku muda mrefu zaidi.

Nitajuaje kama zimekaa vizuri?

Weka tone chini ya hadubini ya kawaida kwa ukuzaji wa 400. Unataka vitufe vinavyotikisika kimojakimoja. Ukiona minyororo bila sumaku kuwepo, zinakumbuka. Ukiona mafundo, hukuosha sabuni vizuri au uliziacha zikauka.

Kisha jaribu ninalolipenda kuliko yote: loweka kiasi kidogo kwenye asidi hidrokloriki ya mola 1 usiku kucha. Asubuhi zivute kwa sumaku, chukua maji ya juu, dondoshea thayosianati ya potasiamu. Yakiwa mekundu kama damu, chuma kinavuja na sumaku yako haikufungiwa ndani, imepakwa nje tu. Rangi hafifu ya chai inavumilika. Nyekundu ya damu, rudi ukaanze upya, hata kama kesho ni siku ya kuwasilisha mradi.

Matokeo ya PCR yanakataa baada ya kuosha kwa ethanoli. Tatizo ni shanga?

Mara nyingi ni feni. Ethanoli ikibaki, inazuia PCR. Shanga zikikauka kupita kiasi zinapasuka nyufa na hazitoi DNA tena. Vitabu husema ziache zikauke dakika 5 au 10, lakini chini ya pangaboi dakika 3 zinatosha. Angalia doa: likiacha kung'aa likawa na rangi isiyo na mng'ao, ongeza palepale bafa ya kutolea DNA.

Umeme ukikatika je?

Shanga tupu zisizo na protini hazijali, zinaweza kukaa kabatini. Zenye kingamwili zinataka nyuzi 2 hadi 8 na huvumilia saa kadhaa friji ikiwa haifunguliwi. Kinachoua ni kuganda, kwa hiyo usizisukume kwenye kona ya friji iliyo karibu na friza. Tuliwahi kupokea mzigo kutoka kwa msambazaji mmoja ukiwa umefungashwa na barafu kavu, kwa nia njema kabisa, na kila kichupa kilikuwa na mabonge kama dagaa wa kukaanga walioshikana. Sasa kwenye oda tunaandika kwa herufi kubwa: ZISIGANDISHWE.

Kuzuia uvundo weka azaidi ya sodiamu, asilimia 0.02 inatosha. Ni sumu, na usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, maana hujenga chumvi zinazolipuka.

Naweza kumdunga mgonjwa?

Hapana. Shanga za mezani si dawa. Ipo dawa ya chembe za oksidi ya chuma inayoingizwa mshipani, ferumoxytol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa upungufu wa damu utokanao na uhaba wa chuma kwa wagonjwa wa figo sugu, lakini hiyo ni ya nanomita, ina ganda la sukari, na imepita majaribio ya miaka. Ushanga wa mikromita 5 uliogandamana na mwenzake unaziba mshipa mwembamba wa mapafu. Chochote kinachogusa mwili au kutoa majibu ya mgonjwa kinapitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na utafiti wa sampuli za binadamu unahitaji kibali cha maadili kwanza.

Kemikali nazipataje?

Kuingiza kemikali za namna hii kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anza mapema, kabla hujamlipa muuzaji. Sumaku kali ya niodimiamu unaipata ndani ya diski kuu (hard disk) mbovu ya kompyuta. Mafundi kompyuta wa Kariakoo wanazo kwenye ndoo. Angalia vidole, zinabana. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo akae mbali nazo.

Pale Kigamboni kuna mchanga mweusi unaovutwa na sumaku. Hautufai?

Swali zuri, na huulizwa kila mwaka. Punje moja ya mchanga huo ni kubwa kuliko ushanga mzima mara makumi kadhaa, imechanganyika na ilmenaiti na madini mengine, na ukiisaga bado itabakia chembe zinazokumbuka. Ichukue ukamfurahishe mtoto kwa sumaku chini ya karatasi.

Na kitosani ya maganda ya kamba wa baharini tunaweza kujitengenezea?

Ndiyo, na ndiyo njia ninayowashauri wenye bajeti ndogo wanaotaka kuvua metali nzito kwenye maji au kufundisha darasa. Maganda yanapatikana asubuhi kwenye soko la samaki la Feri, bure ukijuana na wanaomenya. Unayaloweka kwenye asidi kuondoa chokaa, kisha kwenye magadi makali (haidroksidi ya sodiamu, si magadi ya kupikia) kuondoa protini, kisha kwenye magadi makali zaidi, asilimia 40 hadi 50 na moto, ili kitini igeuke kitosani. Hiyo ya mwisho inaunguza hadi mfupa, kwa hiyo miwani na glavu nene. Kitosani inayeyuka kwenye asidi asetiki ya asilimia 2. Changanya na sumaku isiyopakwa oleiki, kwa sababu hapa tunataka inayopenda maji, korogea kwenye mafuta ya parafini, kisha kaza kwa glutaraldehaidi kidogo. Shanga zitatoka kubwa, mikromita makumi, na hazitafanana.

Ila maganda yaoshwe na kukaushwa siku hiyohiyo. Tuliyaacha mara moja tu wikiendi nzima kwenye ndoo, Jumatatu mlinzi wa jengo akatusubiri getini kuuliza ni nini kimefia juu.